Rede Isiyo na Kutoka

Wifi yangu ndiye aliyeleta hoja kwamba kuanzia siku ile asiwepo mtu wa kutoka mchezoni. Aliisema asubuhi, kwenye kioski cha maji cha mtaani kwetu Newala, ndoo zikiwa zimeshapangwa na mama wa bomba bado hajafungua koki. Nilimtazama usoni nikitafuta alichokuwa anakificha. Mimi ndivyo nilivyo, mtu akinipa kitu kizuri bila kuombwa huwa naangalia kwanza mikono yake, na huyu wala hakuwa mtu wa kunitakia mema.

Mchezo wenyewe ulikuwa rede, ileile tuliyocheza utotoni. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi, waliobaki wapo katikati wanakwepa. Ukipigwa, unatoka. Kwetu hapo bombani tuliucheza wanawake wazima, wengine wana wajukuu, kanga zimefungwa viunoni, na tulichokigombania kilikuwa foleni. Zamani mtu aliweka jiwe lake mapema kushika nafasi, akirudi analikuta limehamia nyuma ya ndoo ya jirani, basi hapo matusi na kuvutana vilemba. Mama wa bomba alipochoka kuamua ugomvi akasema chezeni rede, aliyetoka wa kwanza ndoo yake iwe ya mwisho, na atakayebaki peke yake uwanjani achote wa kwanza. Warushaji walikuwa mabinti zake wawili, ambao maji ya kwao hayakuhitaji foleni.

Mtu asiyeishi huku juu anaweza kucheka. Mimi mwenyewe nimezaliwa Mkomaindo, pale Masasi, na nilipoolewa huku nilicheka kweli. Kiangazi kikikaza, maji Newala hutoka kwa mgao, na tangi likiisha limeisha. Aliyekosa anashika njia ya bondeni, anateremka ukingo wote wa uwanda wetu hadi kwenye chemchemi, kisha anaupanda na ndoo kichwani. Nilipanda njia hiyo mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nikiwa mjamzito, na jioni ya siku hiyohiyo mimba ikaharibika.

Asubuhi ya siku ile wifi ndiye aliyenipikia ming'oko, vile viazi pori vya huku, nikala. Basi watu wakaunganisha chakula kile na mimba. Hakuna aliyesema waziwazi, maana mambo hayo hayasemwi waziwazi, yanasemwa kwa kukatisha mazungumzo mtu anapopita. Mimi pia sikusema neno, ila chakula chake sikukigusa tena.

Na sasa nilikuwa na mimba nyingine, changa. Nilipima Ndanda, si Newala. Nilisingizia naenda kumwona mama Mkomaindo, nikapitiliza, nisije nikaonwa kwenye benchi la kliniki na mtu wa mtaani. Kwetu mimba haitangazwi, hasa ukiwa umeshapoteza. Unaibeba kimya hadi ijitangaze yenyewe. Nilimwambia mume wangu peke yake, kwa simu, maana yeye ni fundi magari Masasi na hurudi mwisho wa wiki, na nikamwapisha asimwambie mtu. Lakini mwanamume na dada yake mkubwa, nani asiyejua wasivyofichana.

Kwa hiyo rede kwangu haikuwa mchezo tena. Nikikosa maji ya bomba, bondeni kunaningoja. Nikikataa kucheza, kabla jua halijatua mtaa mzima utajua kwa nini. Chini ya sheria ya zamani nilikuwa na ujanja wangu: mimi ni mwepesi, na warushaji siku zote huanza na wazito ili wapunguze watu. Wifi, mnene wa miguu mizito, alikuwa anatoka na mpira wa kwanza au wa pili, anakwenda kukaa na wenzake ukutani. Mimi najibanza pembeni, nasubiri uwanja uwe mweupe. Tukibaki watatu, mpira unauona tangu unapoondoka mkononi. Na siku nikihisi kizunguzungu, nilijua naweza kuuachia unipige mguuni, nikatoka, nikaketi. Nafasi za katikati nazo zilikuwa zinapata maji. Kutoka kulikuwa mlango wangu wa dharura, na mlango huo ndio wifi alitaka kuufunga.

"Tunaotoka mapema tunakaa tu tunapigwa na baridi," alisema. "Kila mtu abaki ndani mpaka maji yafunguliwe. Ukipigwa, tia kokoto kwenye ndoo yako. Mwenye kokoto chache achote kwanza."

Wazito wote walifurahi. Mama wa bomba akakubali. Mimi nilisema sheria iliyopo inatosha, na wifi akanijibu bila kunitazama, "Wewe utaogopa nini, na wepesi wote huo?" Neno hilo nililigeuza kichwani siku nzima.

Mambo yalibadilika asubuhi ileile. Kwanza, uwanja haukupungua. Tulibaki wote, bega kwa bega, na katika msongamano huo wepesi wangu haukuwa na pa kukimbilia. Pili, warushaji waliacha kuwahangaikia wazito. Wakawa wanachungulia ndoo, wanamtafuta ambaye yake haina kokoto. Tatu, na hili ndilo lililonitisha, waliokwisha kupigwa mara nyingi hawakuwa na cha kupoteza. Zamani mtu alikuwa anaogopa mpira, sasa walikuwepo wasioogopa kitu, wanacheka, wanazunguka popote, wanaweza kumkinga rafiki au kumsukumia adui mbele ya mpira, na sheria haina la kuwafanya. Nikaanza kuangalia nani anasimama na nani. Kokoto nazo zilihamahama. Niliona mkono mmoja ukiingia kwenye ndoo isiyo yake, nikanyamaza, nami nikawa nachezea karibu na ya kwangu.

Wifi aliganda mbele yangu. Nikienda kushoto, yupo. Nikirudi nyuma, mgongo wake huo hapo. Alipigwa, akatia kokoto, akarudi palepale. Nilidhani ananiziba nisiuone mpira, ili siku moja asogee ghafla unikute sijajiandaa. Nikadhani pia anatafuta kunipiga kumbo aseme ni bahati mbaya. Nilimhama, akanifuata. Nikamwambia kwa adabu, maana ni mkubwa kwa mume wangu na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, "Wifi, uwanja ni mpana." Akasema, "Haya," na hakuondoka.

Siku ile nilichota mapema. Yeye ndoo yake ilikuwa ya mwisho, tangi likaisha, nikamwona anazungusha kanga kuwa kata, anaiweka kichwani na kushika njia ya bondeni. Mgao uliofuata ikawa hivyohivyo, na uliofuata pia. Kama ungekuwa wewe, usingejiuliza? Mtu anayesemwa vile, anashinda mbele yako anapigwa, kisha anateremka peke yake kule kwenye vichaka na kurudi jua likiwa juu. Nilijiambia huko anachuma mizizi. Nilianza kufunika ndoo yangu kwa kanga tangu bombani hadi nyumbani, na maji ya kunywa nikayahamishia chumbani.

Wenzetu nao walichoka. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mawifi wameungana na hilo halikuwamo kwenye sheria, na mabinti wa mama wa bomba wakaamua kutukomoa. Asubuhi moja mkubwa wao aliurusha mpira kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nimetoka nyuma ya wifi kwa makusudi, nimesimama wazi. Niliuona unakuja usawa wa kitovu, nami nilikuwa nimebanwa na watu huku na huku. Wifi alijitupa kati akainama mbele yangu. Ulimpiga usoni. Damu ikamtoka puani, na watu wakacheka kwanza kabla hawajaiona.

Alikwenda nyuma ya kioski kujisafisha. Nilimfuata, nikiwa na hasira zaidi kuliko shukrani. Kutendewa jambo nisilolielewa huniudhi.

"Wifi, unatafuta nini kwangu?"

"Kwani nimekugusa?"

"Hujanigusa. Ndiyo maana nauliza."

Alikandamiza pindo la kanga puani, akaangalia kama kuna mtu. "Tangu lini wewe unakwepa bila kuinama?" alisema. "Miaka yote ukiuona mpira unajikunja chini kama kuku. Tangu uliporudi kutoka Masasi unakwepa kwa ubavu tu, umesimama wima. Mimi nilikuwa nakaa pale ukutani nakutazama."

Nilivuta kanga yangu tumboni. "Nani kakuambia? Mume wangu?"

"Mdogo wangu hajanipigia simu. Ni macho yangu tu. Na wenzio watayapata macho hayo, kwa hiyo jifunze kuinama hata kidogo." Alitema mate mekundu. "Kwa sheria ile ya kwanza mimi nilikuwa wa kutoka, mpira mmoja tu. Nikishakaa nje, nitakukinga na nini?"

Nilisimama nikiipanga upya ile rede yote kichwani. Mtu mzito hana faida kwenye mchezo wa kutoka. Ukishafuta kutoka, mtu mzito ndiye ukuta. Aliifikiria sheria ile vizuri kuliko sisi sote, na akaiuza kwa habari ya baridi.

"Ungeniambia," nilisema.

"Nikutajie mimba, mimi? Halafu ikitokea lolote, nani ataambiwa ndiye aliyeitaja?" Alinitazama moja kwa moja, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kunitazama hivyo. "Usidhani nakupenda sana. Tangu mwaka ule, nikipika msibani sufuria yangu inabaki imejaa. Mtu akiugua naogopa kwenda kumjulia hali. Wewe hukusema kitu, najua, na kunyamaza kwako ndiko kuliniua. Nataka huyu azaliwe. Na akizaliwa, umlete kwangu. Umlete mchana, na upite hapa bombani."

Nikaona kumbe sikuwa nimekosea kabisa. Alikuwa anatafuta kitu, na nilipokijua nikatulia, kwa sababu anayetaka kitu naweza kusimama naye. Nilimwambia nitamleta. Akaniambia nirudi uwanjani kabla hawajaanza kuhesabu.

Tangu hapo nilikaa nyuma yake bila aibu. Wengine walipoona wakajitafutia kuta zao, kila mwepesi na mzito wake, na ikawa mzito ndiye anayebembelezwa asubuhi, anaombwa kwa muhogo wa kuchemsha. Mimba ilipojitangaza niliacha kucheza. Wifi alibeba maji yangu pamoja na yake, ndoo yangu mbele ya watu, na niliona jinsi walivyotazamana. Hata mimi, nikiwa peke yangu, niliyanusa yale maji kabla ya kunywa. Tabia haiondoki kwa mazungumzo ya nyuma ya kioski.

Mtoto alizaliwa Ndanda, wa kike, mzima. Arobaini ilipokwisha nilimfunga vizuri, nikasubiri siku ya mgao, jua likiwa utosini, nikapita naye bombani. Wanawake wakageuza shingo. Mmoja akaniuliza naelekea wapi na kichanga kwenye jua lile, nikasema kwa wifi yangu, nikalisema kwa nguvu kidogo. Nyumba yake inaonekana kutoka pale, hakuna ua wala miti ya kuzuia.

Alikuwa amekaa barazani. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, lakini hakumpokea. Nilimnyooshea mtoto, naye akawa anaangalia nyuma yangu, kule bombani, kichwa kimoja baada ya kingine. Nami mikono yangu, nasema ukweli, haikuwa imeachia bado. Tulisimama hivyo wawili na mtoto katikati yetu. Alipohakikisha kwamba wote wanatazama, akamchukua.