Kaburi ya Mugeni kule Muheto

Wakuu, salamu toka Masisi. Hii uzi naiandika juu ya Papa yangu. Yote njo ukweli, sina faida ya kudanganya.

Hapa Muheto, juu ya shamba yetu ya maharagi, iko kaburi moja ya simenti. Imeandikwa MUGENI, halafu mwaka wa hamsini na kitu. Namba ya mwisho mvua ilikula.

Papa alituambia huyo njo baba yake. Mama yake naye alikufa mapema, jirani wakamulea, wakamuita mutoto wa Mugeni. Njo jina yetu sisi wote. Iko mpaka kwenye carte yangu ya électeur, ile ya kupigia kura!

Kila Noeli Papa alikuwa anang'oa majani pale na kusali. Alituapisha tumuzike pembeni ya baba yake.

Mwaka jana akaanza kugonjwa. Mimi na kichwa yangu ngumu, nikasema acha nitafute historia ya babu, Papa aisikie mbele ya kufa.

Parokia wakanifungulia registre, vitabu vya majina vya zamani. Hakuna Mugeni hata mumoja. Nikalaumu mapadri, kumbe mujinga ilikuwa mimi.

Wakanielekeza kwa Mama Furaha, mumama muzee wa Kitshanga. Papa yake alikuwa maçon, fundi wa kujenga, kwa shamba ya kahawa ya muzungu, njo alijenga ile kaburi.

Nikamuuliza Mugeni alikuwa wa ukoo gani. Akacheka. Halafu akaona uso yangu.

"Mutoto wangu, ile haiko jina. Alikuwa mugeni tu. Alitoka Walikale kutafuta kazi, homa ikamuua siku ya tatu. Hakuna mutu alijua anaitwa nani. Papa yangu akaandika na musumari vile alijua."

"Na babu yangu?"

"Nyanya yako alifika nyuma ya mazishi, mutoto mugongoni, anatafuta bwana yake; jina aliyotaja hakuna mutu anaikumbuka leo. Wakamuonyesha kaburi ya mutu wa kwao. Akaanguka pale, akalia. Pengine njo yeye. Lakini watu wa Walikale walikufa wengi kwa ile shamba, wengine hawakupata hata jiwe."

Wakuu, nilirudi juu ya pikipiki nikilia ndani ya casque, ile kofia ya pikipiki.

Halafu nikafanya kosa ya maisha yangu: nikamuambia Papa. Akauliza tu, "Basi mimi ni mutoto wa nani?"

Mpaka leo hiyo swali inanifuata.

Hakupanda tena kule juu. Majani yakamea. Siku za mwisho nikamuuliza kama tumuzike palepale. Akageukia ukuta: "Munizike popote."

Tulimuzika ku parokia.

Nilichojifunza ni hiki: mbele ya kufukua mambo ya wazee, angalia kwanza nani ataibeba. Papa alikuwa na baba maisha yake yote, mimi nikamunyang'anya kwa saa moja. Najichukia, wacha niseme wazi.

Sasa ninyi wa Walikale. Kama kwenu iko muzee alienda kazi ya wazungu Masisi miaka ile, hakurudi, na muke yake akamufuata na mutoto, andikeni jina yake hapa chini. Hata kama hamuna hakika.

Musalaba wa Papa ingali bila jina. Nilishika pinceau, brashi ya rangi, nikashindwa kuandika Mugeni.