Gari la Shangazi Kabla Halijauzwa

Lilikuwa gari dogo la bluu iliyopauka, lenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, na turbo ambayo ukikanyaga mafuta ilikaa kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu ikakusukuma mgongoni. Lililala Kijenge, kwenye uwanja wa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, na mtaa mzima ulijua anapoliwasha. Kuku walitawanyika. Jirani alizima redio ili asikie vizuri.

Shangazi alilinunua enzi zake za mashindano ya magari. Hakuwa dereva. Alikuwa yule anayekaa pembeni ya dereva na kumsomea kona kabla hazijafika. Baadaye mgongo ukamkatalia, akabaki na duka la dawa za mifugo Ngaramtoni na gari ambalo klachi yake ilimtesa goti kila alipoikanyaga. Mwaka ule akapata mnunuzi wa Kikatiti. Akatuita mimi na binamu yangu, mwanawe wa pekee, akatuambia kwamba mnunuzi atapelekewa gari kahawa ikishamalizwa kuchumwa, na atakayeliendesha safari hiyo ya mwisho ni yule kati yetu ambaye yeye atakuwa amemwamini. Mwingine atakaa nyuma.

"Nyuma mimi sikai," akasema binamu.

"Basi utapanda basi," akajibu mama yake.

Niliitaka safari ile kiasi kwamba nilishindwa kumaliza chai.

Ni afadhali niseme mapema mimi ni msichana wa namna gani. Nikipiga pasi shati, nalirudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Kuendesha nilijifundisha mwenyewe kwa pikapu la baba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi nyasi za uwanjani kwetu zikaisha katika mistari miwili, ndipo nikaenda kutafuta leseni. Mambo ya magari yenye nguvu niliyajifunza kwa video za kwenye simu. Nilijua uzito wa gari unavyohama ukifunga breki, nilijua turbo inavyofanya kazi, nilijua kwa nini tairi la nyuma linateleza. Yote nimejifunza peke yangu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniambia inatosha. Kitu kimoja tu sikukiona kwenye video zile, na kilinichukua muda kukigundua: barabara za humo hazikuwa na watu.

Barabara ya shangazi ilikuwa na watu. Ilikuwa ya udongo mwekundu, ikikata shamba kubwa la kahawa juu ya Ngaramtoni, na msimamizi wa shamba alimruhusu kuitumia Jumamosi asubuhi, wakati wafanyakazi wako upande wa pili. Juu ya shamba kulikuwa na nyumba za watu, na katikati palikuwa na mnyoofu mmoja, unaoishia kwenye kona iliyozibwa na mikaratusi. Kwenye mnyoofu huo tu ndipo tuliporuhusiwa kukanyaga mafuta. Kwingine kote tulitambaa.

Lakini Jumamosi za mwanzo hatukuligusa gari kabisa. Tulitembea. Shangazi alitangulia na kibegi chake cha chupa ya chai na maandazi, sisi nyuma, na sharti lake lilikuwa moja: kila anayeishi au kufanya kazi kando ya barabara ile lazima tumsalimie na atujue kwa sura. Tulisema shikamoo hadi midomo ikakauka. Kwa wazee wa Kiarusha tuliinamisha vichwa watuguse utosini, na binamu yangu, ambaye ni mrefu, ilimbidi akunje magoti.

"Mama, sisi tunajifunza gari au tunagombea udiwani?" aliuliza.

"Huyo bibi uliyemsalimia anabeba nini?"

"Bibi gani?"

"Haya, rudi ukamsalimie tena."

Alirudi kweli, akikokota miguu. Bibi akamwuliza kama amesahau kitu, naye akasema amesahau adabu, na bibi akacheka hadi akautua mzigo wake wa kuni chini.

Nazikumbuka asubuhi zile kuliko ninavyozikumbuka sherehe zangu mwenyewe. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni tulipofika, na tulipomaliza chai wingu lilikuwa limeshaukata katikati. Udongo ulinuka mvua hata kama haikunyesha. Siku hizi sehemu ya shamba lile imegawanywa viwanja, kuna kuta za matofali mahali tulipokuwa tunakalia mawe, na nikipita hapo natafuta ile mikaratusi kwa macho kama mtu anayetafuta ndugu stendi.

Tulipoanza kuendesha, ugonjwa wa kila mmoja ulionekana haraka. Binamu yangu alikuwa na mikono mizuri. Gia ziliingia bila kelele, gari likampenda. Shangazi akikaa pembeni yake, mimi nyuma, tulipita mnyoofu kama tumerushwa, akapunguza vizuri, akasimama, akageuka kutuangalia akitabasamu.

"Tumempita nani?" shangazi akauliza.

"Hatujampita mtu."

"Kwenye mfereji."

Binamu akafikiri. "Kulikuwa na mfereji?"

Mwanamume aliyekuwa akizibua mfereji alikuwa bado anatupungia mkono.

Mimi niliwaona wote. Niliwaona hadi waliokuwa mbali shambani ambao hawakutuhusu. Ugonjwa wangu ulikuwa breki. Shangazi alitaka kila mmoja wetu, mwishoni mwa mnyoofu, akanyage breki kwa nguvu zake zote, mpaka ile pedali itetemeke na kunguruma chini ya mguu, maana gari la namna ile, alisema, anayeogopa breki zake hafai kugusa mafuta yake. Nami nilishindwa. Nilijua kila kitu kuhusu breki zile. Ningeweza kukuchorea. Mguu ukifika pale ulikuwa unalegea wenyewe, unabonyeza taratibu, kwa heshima, na gari linapitiliza jiwe alilolipaka chokaa kuonyesha mahali pa kusimama.

"Unaiomba samahani," shangazi alisema. "Breki haiombwi, mama. Inakanyagwa."

"Naogopa nitaiharibu."

"Nitanunua nyingine."

"Naogopa mtaumia."

"Tumefunga mikanda."

"Dada anaendesha kama amebeba mayai ya askofu," binamu akasema kutoka nyuma.

Tulicheka wote, na mimi nilicheka, kisha nikafika nyumbani nikajifungia bafuni nikalia. Haikuwa kwa sababu ya utani wake. Nilikuwa nimeona kwamba kitu pekee kilichobaki hakina somo la kusoma. Wiki nzima nilikaa kwenye pikapu la baba likiwa limezimwa, nikikanyaga na kuachia, nikikanyaga na kuachia. Jumamosi iliyofuata mguu ukalegea tena.

Kahawa ikaisha kuchumwa. Shangazi akatuambia Jumamosi hiyo ataamua. Mvua ikanyesha Jumamosi kutwa, akasogeza mbele hadi kesho yake, ibada ya kwanza ikishatoka. Tukatoka kanisani na nguo zetu nzuri. Binamu alikuwa na viatu vyeupe ambavyo alivivua na kuvifunika gazeti.

"Aanze dada," akasema. "Amalize wasiwasi wake."

Nilishukuru na kumchukia kwa pamoja. Kichwani nilikuwa nimeshaiendesha safari ile mara zisizo na idadi, na kila mara ilikuwa haina kosa: gia ya pili kwenye mwembe mdogo, ya tatu kwenye kibanda, mafuta, mafuta, kisha jiwe la chokaa, na mguu unaokanyaga kama mguu wa mtu mwingine. Tulianzia juu, kwenye nyumba, tukishuka kuelekea Ngaramtoni. Shangazi akafunga mkanda pembeni yangu, binamu nyuma. Barabara ilikuwa imekauka vya kutosha, imeoshwa na mvua, laini kama unga uliopepetwa.

Nikaingia mnyoofu. Nikakanyaga mafuta. Turbo ikavuta pumzi, ikatusukuma, na kwa mara ya kwanza sikuogopa. Nilifurahi, kwa kweli, nilisikia furaha ile tumboni na nikaelewa kwa nini mtaa ulikuwa unazima redio. Ndipo nikaziona nyayo.

Zilikuwa nyayo za punda, zimechapwa juu ya ule udongo uliooshwa, nyingi, na zote zilielekea chini, kule tunakokwenda. Hapakuwa na hata moja iliyorudi. Sijui niliwazaje upesi hivyo. Niliona tu kwamba punda wameshuka asubuhi, kwamba leo si Jumamosi, kwamba ni siku ya gulio Ngaramtoni, na kwamba wote hao watapanda kurudi kwa barabara hii hii, pengine sasa hivi, pengine nyuma ya mikaratusi. Sikukumbuka jiwe. Nilikanyaga breki kwa mguu wangu wote na nyonga yangu na meno yangu. Pedali ikanguruma, mikanda ikatukaba, gari likanyooka likasimama mbali kabisa na jiwe, mbali kabisa na kona, na viatu vyeupe vya binamu vikaruka vikaangukia kwenye gia.

Injini ilikuwa imezimika kwa sababu nilisahau klachi.

Tukangoja. Hakuna punda aliyetokea. Ndege mmoja akavuka. Tukangoja zaidi, na kwenye kona hapakuja mtu wala mnyama.

"Umeona mzimu?" binamu akauliza taratibu.

Nikaanza kuomba radhi. Nilisema nyayo, nilisema gulio, nilisema nimeharibu, naomba nirudie, nitakwenda hadi kwenye jiwe. Shangazi akafungua mlango, akateremka huku ameshika kiuno, akainama kuziangalia nyayo. Akatembea hadi kwenye mikaratusi, akachungulia ng'ambo. Akarudi polepole.

"Hakuna mtu," akasema.

Nikajua nimeikosa safari.

Akakaa, akavuta mkanda. "Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nikwambie simama. Sauti haijatoka, nikajikuta nimebanwa na mkanda." Akajisugua bega. "Duka langu liko gulioni, mama. Nisingejua leo ni siku gani?"

"Mama, hiyo si haki," binamu akasema. "Kama ningeanza mimi..."

"Ungeanza wewe. Haya, leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Na Jumapili Ngaramtoni kuna nini?"

Nilimwona kwenye kioo, uso wake ukibadilika kidogo kidogo.

"Gulio," akasema.

Hakuendesha siku ile, kwa hiari yake. Alisema atatembea mbele atuangalizie, akavaa vile viatu vyeupe akatangulia kwenye udongo, nami nikamfuata kwa gia ya kwanza. Punda tulikutana nao chini kabisa, karibu na lami, wakipanda bila haraka na magunia matupu, na mwanamke aliyekuwa nyuma yao alitutambua.

"Leo gari limeharibika?" akamwuliza binamu.

"Gari ni zima, mama. Mimi ndiye niliyeharibika."

Alisema kwa utani, lakini tangu siku ile sijawahi kumwona akipita kona bila kupunguza.

Kikatiti tulikwenda siku ya kazi, asubuhi, wote watatu, mimi kwenye usukani, na binamu akajipandia nyuma mwenyewe. Tulipita mjini, tukapita Tengeru kwenye harufu ya ndizi, na sehemu fulani kijana mmoja mwenye gari la kelele alikuja sambamba nasi, akaliangalia tundu la boneti, akaungurumisha injini yake kunichokoza. Nikampisha. Akatupita akiinua mkono kwa kejeli, na shangazi akampungia vizuri tu kama anayemjua. Sikutaka safari iishe, na nilitaka iishe kabla sijakosea.

Mnunuzi alikuwa kijana wa rika letu, mwuza vifaa vya ujenzi, na alikuwa amevaa kama anakwenda kuposa. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akaifunga. Shangazi akamkabidhi kadi ya gari. Kisha kijana akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa bado nimekaa kwenye usukani.

"Dada, niambie ukweli. Linatembea ngapi hili?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye ningeweza kumchorea turbo ile kwenye vumbi.

"Sijui," nikasema.

"Acha hizo. Muda wote umekaa nalo?"

"Sijawahi kuangalia."

Akamgeukia binamu yangu kama wanaume wanavyogeukiana wakitafuta jibu la kweli. Binamu akajikuna shingo. "Hata mimi sijui," akasema.

Yule kijana akatuangalia mmoja mmoja, kama tumemwuzia ng'ombe bila kujua anatoa maziwa kiasi gani. Shangazi alikuwa ameegemea mlango wa nyuma, mkono kiunoni, akicheka hadi machozi yanamtoka.

"Wewe zunguka ukae huku pembeni kwanza," akamwambia. "Huyu mama hapa kwenye usukani atakuonyesha linavyosimama."

Akazunguka, akakaa. Nami nikafunga mkanda tena.