Cherehani ya Kanisa na Kanzu za Chuo

Cherehani ya kanisa letu ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, na ilikuwa na sharti moja tu. Ukimaliza mafunzo ya ushonaji unakabidhiwa, unakwenda nayo nyumbani, na ukipata kazi ya kudumu kabla msimu wa watalii haujarudi, inakuwa yako. Usipopata, inahamia kwa anayefuata. Hakuna cha kubembelezana. Mimi nilikuwa wa kwanza kukabidhiwa, na sijapata kukitaka kitu maishani mwangu kama nilivyoitaka cherehani ile.

Miaka yote niliyofanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Diani, wageni wakipungua tuliambiwa twende nyumbani tukangoje kuitwa. Unakaa Msambweni na simu mkononi, hata msalani unaingia nayo, unangoja sauti ya mtu ambaye hata jina lako halijui vizuri. Mara wanakuita wewe, mara wanamwita mwenzako. Mwaka ule nilichoka nikasema basi. Mchungaji alipotangaza kwamba kanisa limeanzisha mpango wa kuwasaidia waumini wajitegemee kwa elimu na kazi, nilijiandikisha siku ile ile.

Ushonaji tulifundishwa na mama mmoja fundi. Biashara tulifundishwa na bwana mmoja wa kutoka bara, mkazi wa Ukunda, mtu mwema na mcheshi, ila alikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo. Kila Jumamosi alitusimamisha mmoja mmoja. Unataja jina lako, unasema kazi yako ni nini na inamfaa nani, kisha unaomba oda, na yote hayo ni kwa nusu dakika. Yeye ameshika simu anapima. Ukizidisha, simu inalia nawe unakaa chini.

"Mteja hana time, mama," aliniambia. "Piga point, uende."

Mimi ni Mdigo. Wadigo Wakristo si wengi, na nusu ya ndugu zangu ni Waislamu, lakini katika hili sote ni wamoja: nusu dakika haitoshi hata kujuliana hali. Nilimwambia hivyo, akacheka, na darasa zima likacheka. Nikanuna. Hata hivyo nililifanya zoezi lake mpaka likakaa kichwani, kwa sababu ya cherehani.

Aliyekuwa anafuata baada yangu alikuwa mwanamke wa Mackinnon Road aliyeolewa huku pwani akafiwa na mume. Maneno yake yalikuwa machache. Kwenye pindo na vifungo hakuwa na mpinzani, lakini nguo nzima ilimshinda. Mkono wa shati aliuambatisha ukaelekea mgongoni, fundi akaufumua, naye akaurudisha kule kule. Kila Jumapili baada ya ibada alipita kwangu. "Nimekuja kukujulia hali tu," alisema. Alikaa, akanywa maji, na macho yake hayakutoka kwenye cherehani. Nami nilijua alilokuja kutazama. Alikuja kukagua mali yake. Nilimkaribisha kwa sababu mgeni hafukuzwi, lakini roho yangu haikumpenda hata kidogo.

Basi nikatafuta kazi ya kudumu. Si mbali na kwangu kuna chuo cha Kurani chenye watoto wengi, wavulana kwa kanzu nyeupe na wasichana kwa hijabu za kijani, na kila mwaka wanaingia wapya. Mwenye kauli juu ya sare ni mke wa mwalimu, mama wa makamo anayewafundisha wasichana. Nikapiga moyo konde nikaenda. Nikabisha hodi, akatoka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kabla hajapata nafasi ya kunikaribisha ndani, nikamwaga nusu dakika yangu yote pale mlangoni, jina, kazi, na oda.

Alinisikiliza akiwa ameshika pazia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya mwanangu. Nenda salama."

Pazia likashuka. Nilirudi nyumbani uso umeniiva kwa aibu. Hata kiti sikupewa, na ni mimi niliyemnyima mwenye nyumba nafasi ya kunipa. Mama yangu angekuwa hai angenifinya mapaja kama mtoto. Njia nzima nilimsema yule bwana wa bara, na simu yake, na haraka yake.

Zilipopita siku kadhaa nilirudi alasiri, na chane ya ndizi mkononi, bila neno lolote la ushonaji. Safari hii nilikaribishwa. Tulikaa kwenye mkeka tukaulizana. Kwenu wapi, mama yako nani, kumbe shangazi yangu wa Jego alipakana shamba na watu wake. Tukanywa chai ya tangawizi. Nikaaga nikaenda zangu. Nilikwenda tena, tukazungumza juu ya magoti yake yanayomsumbua na juu ya maji ya mfereji yanayokatika. Siku nyingine tena, wakati nakunja leso niondoke, akaniambia bila kuniangalia:

"Na ile kazi uliyonimwagia mlangoni, bado unaifanya?"

Nilisema ninaifanya. Akaingia ndani akatoka na kanzu ya mtoto, ya kununua Mombasa, imefumuka kwapani kabla haijafuliwa mara ya pili. "Nishonee moja nione," akasema. Nilimshonea. Aliigeuza ndani nje, akauvuta mshono kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote, akatazama, akauvuta tena. Kisha akauliza cherehani ni ya nani. Sikumficha, nikamwambia ni ya kanisa.

"Cherehani haiswali," akasema. Akaniletea majora ya kitambaa na oda ya chuo kizima, na ahadi kwamba wapya wa kila mwaka watakuwa wangu.

Siku ya kutoa taarifa mbele ya kamati ya mpango nilivaa gauni nililojishonea. Msimu ulikuwa unakaribia kurudi, na kanzu nilikuwa nimeshakata nyingi, zimejaa nyumbani zikingoja kushonwa. Nilieleza kazi yangu, watu wakapiga makofi, na yule bwana wa bara akasimama kabisa. Mwanamke wa Mackinnon Road naye alipiga makofi. Nikamwonea huruma kidogo, kwa kuwa sasa hana chake.

Ndipo mzee mmoja wa kamati akaomba kusema. "Sina ugomvi na majirani zetu," akasema. "Tunazikana, nakula kwao. Lakini cherehani hii tumeichangia kwa sadaka. Kushona sare za dini nyingine, na kazi hiyo ndiyo tuihesabu kuwa tunda la mpango wetu? Mimi naona haifai."

Bwana wa bara alinitetea mpaka jasho likamtoka, sitamsahau kwa hilo. Na mimi sikufyata ulimi. Nilimuuliza mzee, nilipokuwa nikifua mashuka ya hoteli, kuna siku aliniuliza dini ya mtu aliyeyalalia? Na fungu la kumi la udobi ule si lilipokewa na watu wakasema amina? Wengine walitabasamu, lakini mzee alikunja uso na wenzake wakaangalia chini. Kamati ikatoka nje ikateta. Waliporudi walisema kazi yangu ni nzuri, Mungu aibariki, ila kwa mujibu wa mpango haihesabiki. Cherehani ihamie kwa anayefuata.

Wakamwita mwanamke wa Mackinnon Road. "Uko tayari kuipokea?"

Nilimkazia macho. Nilitaka akatae, au angalau aone haya.

"Niko tayari," akasema, bila kupepesa.

"Na hiyo kazi ya kudumu utaipata wapi?"

"Nitatia vifungo na pindo. Kuna mtu ana kazi nyingi, atanipa."

"Safi," akasema mzee.

"Nikishaipokea, naiweka wapi?"

"Wapi tena? Popote upendapo. Iko katika dhamana yako."

"Ahsante," akasema, akarudi kukaa.

Nilitoka bila kumuaga mtu. Nilipofika nyumbani niliipangusa cherehani nikaifunika leso, nikazikunja kanzu ambazo hazijashonwa, nikazipanga juu ya mkeka. Nilijiuliza nitamwambia nini yule mama wa chuo, maana watoto walikuwa karibu kufungua na kitambaa chake nimekikata chote. Nililia, na kilikuwa kilio cha hasira. Nilimchukia mzee, na mwanamke yule nikamchukia zaidi.

Asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa yeye, na kigoda mkononi na mfuko wa nailoni begani.

"Mkokoteni uko wapi?" nikamuuliza. Hata salamu sikumpa.

"Wa nini?"

"Wa kubebea cherehani yako."

Alipita kando yangu, akaiondoa leso, akakiweka kigoda chake pembeni ya cherehani. "Wamesema niiweke popote nipendapo. Mimi naiweka hapa."

Yeye akafungua mfuko akatoa mkasi mdogo, subana ya kidole na sindano zake.

"Kanzu siziwezi, unanijua," akasema. "Wewe shona. Mimi nitapinda na kutia vifungo, tutagawana kitakachopatikana. Wakija kukagua watanikuta kazini."

"Na kila Jumapili ulikuja kuichungulia," nikasema. Sauti yenyewe ilinitoka vibaya.

"Nilikuja kuangalia namna unavyokata shingo ya nguo. Nilitaka kukuuliza, lakini uso wako ulikuwa umefungwa, dada. Nikaona nitazame tu."

Akachukua kanzu ya kwanza juu ya mkeka akanipa. Nilikaa, nikajaribu kutia uzi sindanoni, machozi hayakuniachia nione tundu. Akainama akanitilia.