Sindano ya Kumi na Tatu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alianza kushona wakati miguu yake haijafika hata kwenye pedeli ya cherehani. Mapazia, sare za shule, makochi ya watu wenye haraka na wasio na haraka. Walipojenga eneo la mafundi wa ndege kando ya uwanja, banda hili la matairi, lile la breki, lile la rangi, yeye akaenda kuomba banda la viti. Watu walimcheka. Akawauliza, "Kwani abiria wanasafiri wamesimama?"

Mimi na yeye tukapewa banda namba tisa kwa majaribio: tushone viti kumi na viwili vya ndege ndogo, tukifaulu tupate cheti. Wifi alikuwa ameshaliachia duka la zamani, kwa hiyo tukishindwa hatukuwa na pa kurudi. Hilo hatukumwambia mtu.

Kushona alijua. Kilichomtesa ni ubao. Kule kila kifaa kina mchoro wake kwenye ubao wa ukutani, nacho kinatundikwa juu ya mchoro huo. Kazi ikiisha na mchoro mmoja ukabaki mtupu, ndege hairuki mpaka kifaa kipatikane. Sindano ikidondoka chini ya sakafu inaweza kugusa nyaya, au ikajificha kitini kumsubiri abiria. Zetu za mkono zilikuwa kumi na mbili. Na Wifi ana tabia ya miaka thelathini: akimaliza kushona, anachomeka sindano kwenye nguo yoyote iliyo karibu. Kaka yake alishawahi kwenda kazini na mbili begani. Nimemsema mpaka mate yamenikauka.

Siku ya ukaguzi akaja Mkaguzi, mzee mwembamba ambaye nadhani hata kutabasamu alihitaji kibali. Kifungo cha koti lake kilikuwa kinaning'inia. Wifi hawezi kuona kifungo kinaning'inia akanyamaza.

"Baba, hebu simama hapo hapo."

Akamshonea koti likiwa mwilini, akakata uzi kwa meno, mzee wa watu amekauka kama mlingoti wa bendera. Kisha wakaingia kwenye ndege. Mkaguzi alivikalia viti vyote, kimoja baada ya kingine, asipate kasoro.

Tuliporudi bandani nikahesabu sindano. Kumi na moja. Nikarudia, safari hii kwa kidole. Kumi na moja.

Mkobani nilikuwa na nyingine mpya, ya aina ile ile. Mkaguzi alikuwa anajaza fomu, ametupa mgongo. Nikanong'ona, "Wifi, tutundike hii. Nani atajua?" Sijitetei. Niliogopa.

Aliniangalia. "Wewe ungekubali kaka yangu akalie viti hivyo?" Halafu akapaza sauti: "Mzee, sindano moja haipo. Ndege isiruke."

Tukarudi kwenye ndege, tukaanza kufumua mishono yetu wenyewe. Rubani aliyekuwa anaisubiri ndege amejishika kiuno, Wifi machozi yanamlenga, mimi nafumua huku najilaani. Tulipofika kiti cha saba, Mkaguzi akainama kuchungulia chini yake. Yowe alilopiga liliwatoa mafundi wa breki bandani mwao. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa koti lake, na kidevu chake kilikuwa kimekutana nayo.

Nilicheka mimi tu, Mungu anisamehe.

Mzee akafuta kidevu, akaichukua fomu. Penye nafasi ya mahali kifaa kilipopatikana, akaandika taratibu: Kwenye koti la mkaguzi. Kisha akatoa muhuri, akaugonga kwenye cheti.

"Mama," alimwambia Wifi, "hii kazi nina miaka ishirini na sita. Kila ninakokwenda hesabu inatimia mbele yangu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia haijatimia."

Wifi alilia kweli kweli, halafu akaniagiza nilete uzi. Viti saba vilikuwa vinasubiri kushonwa upya.

Mkaguzi bado anakuja kila mwezi. Analivua koti nje, analitundika kwenye msumari, ndipo anabisha hodi. Na ile sindano ya mkobani niliitoa mwenyewe, nikaichorea umbo lake kwenye ubao. Sasa tunahesabu kumi na tatu, na hiyo ya mwisho huwa naihesabu mimi.