Chaki ya Mzee Mutua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na ajabu ni kwamba mpaka leo siielewi vizuri. Kwa kuwa kesho unaenda peke yako kubadilisha springi za ule mlango wa stoo pale soko la Toi, keti kwanza nikuambie. Na hiyo simu weka kando.

Nilikuwa kijana, nimetoka Siaya juzi juzi, najifunza kazi kwa Mzee Mutua, Mkamba wa Kitui aliyetengeneza milango ya gereji huko Kawangware. Mzee hakukosa chaki mfukoni. Springi ikiwa imelegea, aliichorea mstari ulionyooka. Ikikazwa, mstari unajizungusha, na hapo hata mgeni anaona kuna nguvu ndani. "Springi haijali ati wewe ni fundi," alizoea kusema.

Siku hiyo springi zote mbili zinazoinua mlango, zile za juu yake, zilikuwa zimechoka, na lazima ulegeze ndipo utoe. Mzee akalegeza moja kwa vyuma viwili vya kuizungushia, robo mzunguko kwa robo, kisha mwenye gereji akamwita nje. Mimi huku, kwa kujipendekeza, nikachukua tambara la mafuta ya taa nikazisugua zote mbili zikang'aa. Chaki yote ikaenda, wacha tu!

Mzee akarudi, akapanda ngazi, akasita. "Kijana, nililegeza gani? Si hii ya kushoto?"

Woi! Nilishika ile ngazi asubuhi yote, lakini macho yalikuwa barabarani kwa msichana wa mandazi. Kushoto? Kushoto kwake ama kwangu? Kichwa kilivurugika, na nikaona aibu kusema sijui.

"Ndiyo, mzee."

Akafungua bolti inayoishika bila kuingiza chuma cha kuizuia, kumbe hiyo ilikuwa bado imekazwa. Springi ikafyatuka, spana ikampiga mkono wa kulia. Vidole viwili havikukunjika tena.

Mwenye gereji alipokuja mbio, Mzee akamwambia, "Spana imeniponyoka." Basi. Nami nikainama kuokota ile spana. Alinifichia aibu, ama hakujua kuwa nilibahatisha? Hata sasa sijui. Aliporudi kazini alinipa chaki: "Chora wewe. Mkono wangu haushiki." Nilichora miaka mingi kando yake, ulimi ukiwa mzito kukiri, mpaka wakamzika Kitui. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu mjukuu hajaondoka kwangu.

Kwa hivyo kesho, teremsha mlango kabisa, simama kando ya springi, badilisha zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Chora mstari wako na mtu asiufute. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui, hata mbele ya watu, wacha wakucheke! Mficha uchi hazai.

Shika, hiki ni kipande kilichobaki cha chaki yake. Mungu akulindie mikono yako na ya wale watakaokuamini, na akupe ule ulimi nilioukosa mimi.