Gari la Kole

Mimi ndiye mtu wa kwanza Kasese kutengeneza gari lenye injini nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma, na mpaka leo sijasikia wa pili. Nilikwenda Ulaya na begi moja, nikajisomesha mwenyewe mpaka diploma ya ufundi wa magari, nikafanya kazi katika kiwanda cha magari madogo ya spoti, yale ya viti viwili yasiyo na paa. Wenzangu walirudi nyumbani na suti. Mimi nilirudi na kontena la vipande vya alumini.

Kile kiwanda hakikuchomelea chasi. Watu hawaniamini nikisema hivi. Vipande vilisafishwa kwa dawa, vikapakwa gundi kwenye viungo, vikabanwa visisogee hata unywele, kisha chasi nzima ikaingizwa kwenye oveni kama mkate. Alumini ikichomelewa hulegea pale moto ulipopita, kwa hiyo lazima iwe nene na nzito. Ikiunganishwa kwa gundi yaweza kuwa nyembamba, na gari likawa jepesi hata wanaume wachache wakainua pua yake kwa mikono.

Katika gereji yangu ya Nyamwamba nilijenga oveni ya matofali, nikaipasha kwa makaa, nikailinda kama mgonjwa. Injini niliitoa kwenye gari dogo lililopata ajali karibu na Katunguru, nikaiweka kwa ubavu nyuma ya viti. Rejeta ikakaa mbele, na mabomba marefu ya maji yakapita chini ya sakafu. Kwa kuwa uzito ulikaa katikati, gari halikuwa na ubishi kwenye kona: unageuza usukani, nalo limekwisha kugeuka. Injini ilivuta hewa kwa tundu la ubavuni, upande wa kushoto, nyuma ya mlango, usawa wa goti langu. Tundu hilo ndilo lililotaka kuninyima mke.

Mchumba wangu alikuwa wa Bwera. Baba yake alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyegeuka mkulima wa kahawa, na binti ndiye aliyeendesha pikapu ya kupeleka magunia sokoni. Nilikuwa nimeahidi mbele ya ukoo wao wote kwamba nitamtoa bibi harusi kwao hadi kanisani Kasese kwa gari nililolitengeneza kwa mikono yangu. Ndipo mtu akamnong'oneza mzee habari ya gundi.

Bwera wanaiita gundi kole, neno lililovuka kutoka Kongo, na kole wanayoijua ni ile ya fundi viatu. Kiatu cha kole kikikutana na mvua ya kwanza, kinafungua mdomo.

Nilipofika na gari kumwonyesha, nilimkuta kwenye benchi mbele ya nyumba, mgongo wima kama yuko paredi.

"Mukwe," akasema, "gari yako haina welding? Iko ya kole?"

"Ndiyo, afande." Kila mtu alimwita afande, hata mkewe.

"Kama viatu?"

"Hapana, baba. Gundi hii, hata ndege—"

"Mimi naliuliza viatu. Ndege sina."

Ndugu zake wakacheka. Yeye hakucheka. "Kole inakufa mu maji. Sasa tunapeleka gari mu maji, mimi na wewe. Ikifunguka, harusi hakuna. Mutu ya kudanganya juu ya gari, atadanganya mutoto yangu juu ya mingi."

Kijito kinakata njia ya kwenda shambani kwake. Siku zote gari hupita hapo bila shida, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji yalikuja ya kahawia, kwa nguvu, kutoka kushoto. Upande wa tundu. Gundi sikuiogopa hata kidogo. Lakini injini ikivuta maji badala ya hewa, inakufa papo hapo, na nani angemweleza afande kwamba kilichokufa si kole?

Nilijaribu. "Baba, maji hayaiwezi gundi. Ila injini inapumua hapa."

Akaliangalia tundu, kisha mimi. "Sasa imekuwa injini? Saa ile ilikuwa kole."

Mchumba wangu alisogea kama anayefuta tope kwenye mlango. "Mguu usiutoe kwenye mafuta," akaninong'oneza. "Ukitoa tu, injini imekunywa maji."

Mzee alikunja suruali, akavuka kizingiti kipana cha chasi, akakaa kwenye kiti cha abiria. Niliingia majini polepole, gia ya kwanza, nikisukuma wimbi dogo mbele ya pua. Tulikuwa tumefika katikati niliposikia:

"Simama!"

"Baba, hapa maji—"

"Nimesema simama! Kole ilowe."

Nikakanyaga klachi, mguu wa kulia nikauacha kwenye mafuta. Injini ilinguruma nyuma ya vichwa vyetu, ekzosi ikitoa mapovu. Maji yalijikusanya ubavuni, yakapanda mpaka kiganja kimoja chini ya tundu, kisha vidole viwili. Mzee hakuwa na haraka. Aliinama, akapitisha ukucha kwenye kiungo karibu na miguu yake. Akagonga. Akashika kioo cha mbele kwa mikono miwili akalitikisa gari kama anayekagua kitanda cha kununua.

Ndipo mgomba uliong'olewa ukaja na maji. Ukatupiga kushoto, maji yakaruka, na injini ikakohoa. Niliukandamiza mguu mpaka chini. Ikakohoa tena, ikashuka, ikanyamaza kidogo hata nikasikia watu wa ng'amboni wakipiga kelele. Kisha ikashika. Ikalia kwa hasira.

"Mbona kole inatetemeka?" mzee akauliza.

"Si kole, baba. Ni goti langu."

Akaliangalia goti langu kwa muda ambao sitausahau. "Toa gari," akasema.

Ng'ambo alishuka, maji yakichuruzika kutoka suruali yake, akapiga magoti na kupitisha ukucha kwenye viungo vyote alivyovifikia. "Hii kole ya wapi?"

"Nimeioka Kasese, afande."

"Iko kali." Akasimama. "Mutoto utabeba. Yeye na shangazi yake."

Nikavigeukia viti. Kwao bibi harusi hatoki nyumbani bila shangazi kukaa ubavuni pake. Nilikuwa nimepima uzito, moto na upepo, lakini viti vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa cha dereva.

Mchumba wangu ndiye aliyecheka. Akaninyooshea mkono. "Leta ufunguo."

Siku ya harusi aliendesha mwenyewe, shela limefungwa shingoni, shangazi kando yake ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi, bwana harusi, nilifuata kwa bodaboda. Tulipokaribia Kikorongo niliwaona mbele wakiingia kwenye kona, na gari likageuka bila ubishi, kama nilivyolitengeneza.

"Gari ya nani ile?" dereva wa bodaboda akaniuliza.

"Yangu," nikamwambia, kwa sauti ya kushinda upepo. "Nimeioka mwenyewe."