Kilio cha Marsiana

Marsiana wa Kaengesa ni mjane mwenye shamba la mahindi na kipande cha ulezi. Uigizaji haujui. Anachojua ni kulia msibani: akianza yeye, hata waliofuata ugali hutafuta leso. Ndiyo maana Calvin na wenzake wawili walikuja kutoka Sumbawanga mjini na kamera ya kuazima, wakamwomba aigize mama aliyefiwa na mwanawe. Wakapigia picha hapohapo uani kwake.

Mara ya kwanza alilia, machozi hayakutoka. Ya pili vilevile.

"Mama, lia kama ni wako," Calvin akamwambia kwa upole.

Sasa wa kwake ni nani? Ni Vitus peke yake, anayeendesha bodaboda kule Ilemba bondeni. Jina likamponyoka. Alimlilia Vitus wake, akagaagaa chini, hata Sharon aliyeshika kinasa sauti akalia naye.

Hawajamaliza, majirani wakaingia, wanawake na unga, wanaume na kuni. Walipoambiwa ni filamu, wengine walicheka, wengine wakasonya. Jirani yake Albina hakucheka.

"Dada, mimi nilisikia kilio kwa mbali, sikushika jina," alisema. "Nimeshampigia Vitus. Nimemwambia aje nyumbani, basi. Msiba hausemwi kwenye simu."

Marsiana akapiga simu. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Anayajua makona ya mlima wa Lyamba lya Mfipa, njia ya kutoka Ilemba, na anajua mwanawe anavyoendesha hata siku ya furaha. Sasa Vitus anapanda mlima ule akiwa hana akili, na mama yake ameshamlilia kwa jina.

"Nimemlilia mtu aliye hai," alisema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

Calvin alitaka kusema ile ni sanaa tu. Alimtazama usoni, akaizima kamera.

Marsiana alikaa chini karibu na njia, simu mkononi. Pikipiki ikisikika anasimama, ikipita anakaa. Sharon alimletea chai, ikapoa. Jua lilikuwa limeinama pale pikipiki moja ilipokata kona kuingia uani, dereva wake vumbi tupu. Vitus aliona watu, akaona kuni, akaiacha pikipiki ianguke. Alimpita mama yake bila kumwona, akielekea ndani kutafuta maiti.

"Vitus."

Akageuka. Akakaa chini hapohapo.

"Mama," alisema, "nimekulilia wewe toka Ilemba."

Marsiana hakumficha kitu, hata lile jina. Vitus akaomba kusikia. Sharon akampa vipokea sauti vya masikioni, naye Vitus akasikiliza kilio chake mpaka mwisho, akavivua taratibu.

"Kaka, ifute," akamwambia Calvin.

Calvin akaifuta. Hawakuwa na kipande kizuri kuliko kile.

Kesho yake Marsiana alilia tena, kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi za filamu, na kipande hicho ndicho kilichobaki. Filamu ikioneshwa mjini watu husema yule mama hajui kulia. Marsiana huwaacha waseme, akatoka nje kumpigia Vitus, amuulize kama amekula.